Matunzo ya mtoto hayasubiri talaka: uzi wa maswali ya ndoa, mali na watoto kwa sisi wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Mimi ni msaidizi wa kisheria wilaya ya Ilemela. Si wakili, na jambo likinizidi namkabidhi wakili. Kazi yangu ni kukaa na watu kabla hawajafika mahakamani. Wengi wanaokuja ni akina mama wa Kirumba, Igombe na Kayenze, na wengine wanavuka maji kutoka Sengerema na Ukerewe.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo moja linaloniumiza sana. Mama ametengana na mumewe, mtoto yuko darasa la pili anakwenda shule na kandambili, halafu mama anakwambia: "Nasubiri kwanza talaka itoke ndiyo nidai matumizi." Unapita mwaka, unapita wa pili. Hakuna sheria iliyomwambia asubiri. Matunzo ya mtoto yanadaiwa ndoa ikiwa bado ipo, ikiwa imevunjika, na hata kama haikuwahi kufungwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka baba atunze watoto wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaongeza nguvu zaidi. Inaruhusu maombi ya matunzo kupelekwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, hata mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima wa kumsimamia.

Talaka ni njia nyingine kabisa na ina hatua zake. Ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili huwezi kufungua shauri la talaka mpaka mahakama ikupe ruhusa, na ruhusa hiyo hutolewa pale tu unapokuwa na mateso yasiyo ya kawaida. Ikishapita miaka miwili, unaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Hilo linaweza kuwa Baraza la Kata, au la kanisa lenu, au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Baraza likishindwa kuwapatanisha linakupa hati, na hati hiyo ndiyo unayokwenda nayo mahakamani. Huko mahakamani kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ukatili, ugoni, kutelekezwa, kutengana miaka mitatu na kadhalika.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua, na mawakili mliomo humu msinyamaze.

Wakili wa Nyamagana

Asante kwa uzi huu. Niongezee kwenye ile hati ya Baraza maana ndipo kesi nyingi zinapofia. Watu wanakuja na barua ya mwenyekiti wa mtaa imeandikwa "ndoa hii imeshindikana", ina muhuri, wanaona wamemaliza. Mwenyekiti wa mtaa si Baraza. Hati yenyewe ni Fomu Na. 3, na ni lazima ionyeshe kwamba Baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Tena isizidi miezi sita tangu itolewe hadi siku unayofungua shauri. Nimeona watu wamepewa talaka, mali zimegawanywa, wamerudi kwao wameanza maisha, halafu rufaa inafuta kila kitu kwa sababu ile karatasi haikuwa na sifa. Wanarudi kuanza upya na nyumba imeshauzwa.

Kuna nafasi chache ambapo Baraza halihitajiki. Mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, au yuko nje ya nchi na hategemewi kurudi ndani ya miezi sita, au aliitwa barazani akakataa kwa makusudi, au amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, au ana maradhi ya akili yasiyotibika. Mahakama pia inaweza kuona kwamba mazingira yenu ni ya kipekee kiasi kwamba usuluhishi hauwezekani. Na jueni kwamba wakili haruhusiwi kuwasemea barazani. Mnakwenda wenyewe.

Mama wa Mwaloni

Shikamooni. Mimi nafanya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, natoa kisiwani naleta sokoni. Mume wangu ana mitumbwi miwili. Injini ya ule wa pili nilinunua mimi kwa mkopo wa kikoba, nikaulipa mwenyewe mpaka ukaisha. Sasa kaoa mwingine huko Ukara, na mitumbwi yote anasema ni ya kaka yake. Kila kitu kina jina la kaka yake kweli. Nina haki yoyote au niache tu nimwachie Mungu?

Mwanzisha uzi

Marahaba mama. Haki unayo. Kazi iliyo mbele yako ni kuithibitisha, na kwa hili usikae.

Mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana ina mamlaka ya kugawa mali mliyochuma kwa nguvu za pamoja. Haiishii kwenye jina lililo juu ya karatasi. Inaangalia nani alitoa nini: fedha, mali, kazi. Inaangalia pia madeni mliyoingia kwa manufaa ya wote na mahitaji ya watoto wadogo. Kwa hiyo kabla hujafikiria kumgombeza mtu, tafuta daftari la kikoba linaloonyesha siku uliyokopa na kiasi. Tafuta katibu wa kikoba aliye tayari kusimama kizimbani. Tafuta risiti ya injini, na kama imepotea, rudi kwa muuzaji umuulize kama ana kitabu. Namba ya injini ipo kwenye chuma chenyewe, ipige picha. Yule fundi aliyeifunga ni shahidi. Wavuvi waliokuwa wanachukua mafuta kwako ni mashahidi.

Kaka mtu akidai mitumbwi ni yake, naye atatakiwa kueleza fedha alipata wapi. Nimeona ndugu wengi wanaokubali kuandikwa jina lakini wakifika mbele ya hakimu maswali yanawashinda.

Wakili wa Nyamagana

Naunga mkono. Kwa akina mama ambao hawakuwa na biashara, kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed. Ilisema wazi kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuchuma mali. Kabla ya hapo mahakimu walikuwa wanagawanyika katika jambo hili. Wengi wanaitaja hukumu hiyo na kuishia hapo. Waisome yote. Mama mwenyewe katika kesi ile hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona mume alikuwa ameshampa fedha za mradi na zikapotea mikononi mwake. Wala haina maana kwamba kila mtu anapata nusu kwa nusu. Kila kesi inapimwa kwa ushahidi wake.

Mkazi wa Mabatini

Na nyumba je? Shemeji yangu anatafuta mteja kimyakimya, dada yumo ndani na watoto.

Mwanzisha uzi

Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa kifungu cha 59 kinasema hivyo. Kama kiwanja kina hati, dada aende ofisi ya ardhi akaweke zuio, yaani pingamizi la maandishi ili nyumba isihamishwe jina. Shida yetu Mwanza ni kwamba nyumba nyingi za milimani, kuanzia Mabatini hadi Bugarika, hazina hati, zina karatasi ya mauziano tu iliyogongwa muhuri wa mtaa. Hapo dada apeleke barua kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mtendaji kwamba nyumba ni ya ndoa na yeye hajaridhia kuuza, abaki na nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Halafu aombe zuio la muda mahakamani. Afanye wiki hii. Mnunuzi akishaingia na familia yake, kumtoa ni vita ya miaka.

Kijana wa Nyakato

Mimi niulize bila kuficha. Shule za serikali ni bure tangu 2016. Mtoto anakaa kwa bibi yake, chakula wanalima. Hiyo hela ya matunzo ninayodaiwa kila mwezi ni ya nini? Naona ni mama yake anataka kutunzwa kupitia mtoto.

Mama wa Mwaloni

Mwanangu, sare hazitolewi bure. Sweta, viatu, madaftari, uji wa shuleni, dawa akiugua malaria usiku. Bibi unayemsema naye anazeeka, jembe anashika mpaka lini?

Mwanzisha uzi

Kaka, mama amekujibu. Niongeze tu kwamba elimu bila ada imeondoa ada. Sheria ya Mtoto inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Mama naye hajaachwa nje: mahakama inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu ya watoto wengine ulionao, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ukiwa na wasiwasi fedha haimfikii mtoto, lipa mwenyewe: nunua sare, kata bima, peleka mchele kwa bibi, tunza risiti. Wengi wameridhika hivyo na kesi ikaisha pale ustawi bila kufika kwa hakimu.

Na wanaodhani kwamba kuna kiwango kimoja kilichowekwa kisheria, hakipo. Zamani sheria ya watoto wa nje ya ndoa ilikuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulibaki kwenye vitabu miaka mingi huku shilingi mia ikishindwa kununua hata kiberiti. Sheria ya 2009 iliifuta.

Mvuvi wa Kome

Mkuu, nakubaliana nawe, mtoto ni wangu na simkatai. Swali langu ni hili. Mimi ni baharia kwenye mtumbwi wa dagaa, si tajiri mwenye mtumbwi. Giza likiwepo tunaingia majini na taa, tunapata. Mbalamwezi ikitoka tunakaa nchi kavu hakuna kitu, tunakula madeni. Ustawi wameniandikia kiasi kilekile kila tarehe 5. Tarehe 5 ikikutana na mbalamwezi sina, naonekana mkaidi. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Kaka hili ni swali zito na nakushukuru umelileta kwa ustaarabu.

Kosa si lako peke yako. Watu wengi wanapoitwa ustawi wanakubali haraka ili watoke, hawaelezi kazi yao inavyokwenda, na afisa anaandika kama anavyomwandikia mwalimu anayepokea mshahara tarehe moja. Rudi ofisi ileile, omba makubaliano yapangwe upya. Eleza mgao wenu unavyofanyika: tajiri anatoa gharama za mafuta kwanza, kinachobaki mnagawana. Nenda na tajiri wako kama atakubali, au mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo mnaposhushia samaki, athibitishe ni siku zipi mnaingia majini.

Nimewahi kushuhudia mpango wa namna hii ukikubaliwa na pande zote mbili: fedha zinatumwa mara mgao unapotoka, si kwa tarehe ya kalenda, na kila kipindi cha giza baba anaacha gunia la mahindi na mchele nyumbani ili mbalamwezi ikifika watoto wawe na akiba. Vitu vya shule analipa kabla ya Januari. Yule mama aliupenda kuliko hata ule wa kwanza, kwa sababu sasa alijua nini kinakuja na lini.

Kama tayari kuna amri ya mahakama, usiipuuze. Amri inaweza kubadilishwa hali ikibadilika, ila ni wewe unayepaswa kuomba. Ukikaa kimya malimbikizo yanakuwa deni, na mahakama inaweza kukulazimisha ulilipe.

Mvuvi wa Kome

Nimekuelewa mkuu. Nikitoka majini naenda.

Binti wa Buhongwa

Dada habari. Mimi nimeishi na mwanaume miaka minne, mtaa mzima wananiita mke wake, tuna mtoto mmoja. Kumbe ana mke wa ndoa ya kanisani Shinyanga. Ameondoka na anasema mimi ni mchepuko, sina haki. Na kuhusu mtoto, anasema tukapime DNA.

Mwanzisha uzi

Pole sana mdogo wangu. Sheria ya Ndoa inasema mwanamke na mwanaume wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, inadhaniwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwako wewe dhana hiyo itapingwa, kwa sababu ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja na bado ipo. Lakini soma kifungu cha 160 mpaka mwisho. Hata dhana ya ndoa ikishindwa, mwanamke aliyekuwa katika hali hiyo anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Neno "mchepuko" halimo kwenye sheria.

Kuhusu DNA, usiogope wala usikasirike. Mahakama inaweza kuamuru, na vipimo vinavyotambulika ni vya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi yanayopitia mahakamani, ustawi, polisi au wakili. Hamuendi wenyewe tu mkapimwa. Wakati huohuo kusanya ushahidi mwingine: jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, miamala ya simu aliyokuwa anatuma.

Na usichelewe. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, sheria inataka maombi yaende kabla hajazaliwa au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Ikishapita hapo utatakiwa kuonyesha kwamba baba aliwahi kutoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo. Ndiyo maana nasisitiza miamala. Ukibadilisha laini, omba taarifa ya miamala kwanza.

Muumini wa Mkuyuni

Assalaam alaikum. Mume kaniandikia ujumbe kwenye simu "nimekuacha talaka tatu". Je, nimeachika kisheria?

Wakili wa Nyamagana

Waalaikum salaam. Upande wa dini waulize masheikh, sitaingia huko. Kwa sheria ya Tanzania Bara ndoa haivunjiki mpaka mahakama itoe amri ya talaka. Kwa ndoa ya Kiislamu njia imenyooka zaidi: Baraza likishathibitisha limeshindwa kuwasuluhisha, na baada ya hapo mmoja wenu akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama inatoa amri ya talaka. Ona mpangilio huo: Baraza kwanza, talaka baadaye. Ujumbe wa simu uliotangulia Baraza haukutoshelezi. Utunze lakini, ni ushahidi.

Mzee wa Misungwi

Vijana, na ng'ombe? Mimi nililipa mahari ya ng'ombe kwa ajili ya mwanangu. Mke kaondoka. Kwa Wasukuma watoto waliolipiwa ng'ombe ni wa ukoo wetu. Sheria inasemaje?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Mila inatazamwa, sheria yenyewe imetaja desturi za jamii wanayotoka wazazi. Ila kinachotangulia ni maslahi ya mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka saba sheria inadhani mahali pake pazuri ni kwa mama, mpaka ithibitishwe kwamba si hivyo. Aliyekwishapata akili ya kujieleza atasikilizwa. Mahakama pia haipendi kumhamisha mtoto huku na kule. Ng'ombe waliolipwa hawaamui mtoto alale wapi, na ndoa haiwi batili eti kwa sababu mahari haikukamilika.

Lakini mzee, kuwa babu hakukatishwi na talaka. Watoto wana haki ya kukufahamu na kukutembelea, na mwanao anaweza kuomba siku za kuwaona ziandikwe kwenye amri.

Kijana wa Nyakato

Hapo umegusa. Mimi nikinyimwa kumwona mtoto nasitisha kutuma hela. Ni haki yangu.

Mwanzisha uzi

Hapana kaka. Matunzo si kiingilio cha kumwona mtoto. Ukizuiwa, peleka malalamiko ustawi au mahakamani upangiwe siku, na unaendelea kutuma. Vilevile mama asiseme "hajatuma, hamwoni". Katika yote mawili anayekosa ni mtoto.

Mkazi wa Pasiansi

Mke anaweza kuamriwa amtunze mume? Au sheria ni za upande mmoja?

Wakili wa Nyamagana

Anaweza, kama mume hawezi kujipatia riziki kwa sababu ya ulemavu, ugonjwa au maradhi ya akili, na mke ana uwezo. Matunzo ya mke aliyeachwa nayo si ya milele: akiolewa tena yanakoma. Ya mtoto ndiyo yanaendelea mpaka miaka 18, na mahakama inaweza kuyaendeleza kama bado anasoma.

Mama wa Mwaloni

Mwanzisha uzi, nimeamua. Talaka nitaifuata taratibu barazani, lakini Jumatatu nakwenda ustawi kwa ajili ya watoto. Nibebe nini? Na akiitwa asipokuja? Wakili sina hela ya kumlipa.

Mwanzisha uzi

Mama, beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, au kadi za kliniki kama vyeti hakuna. Cheti cha ndoa kama kipo. Barua ya utambulisho kutoka mtaani. Andika kwenye karatasi mahitaji ya mwezi kwa bei za kweli za sokoni, usiongeze wala usipunguze, maana baba yao naye ataulizwa. Andika namba yake ya simu, mwalo anaoshushia, na jina la tajiri au mtu anayefanya naye biashara ili wito umfikie. Kwa Ilemela ofisi ya ustawi ni kwenye halmashauri, Buswelu. Fika asubuhi.

Asipokuja akiitwa, afisa anaandika kwamba ameitwa hakufika, na suala linakwenda mahakamani. Huko nako kwa matunzo ya mtoto huhitaji wakili, unajieleza kwa Kiswahili na taarifa ya afisa ustawi inasaidia. Kama kuna kipigo au vitisho, pitia kwanza Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Msaada wa kisheria bila malipo upo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetuweka kwa kazi hiyo, na hapa Mwanza shirika la Kivulini limefanya kazi na wanawake miaka mingi. Nitumie ujumbe faragha uniambie uko kata gani, nikuunganishe na mwenzetu wa karibu aende nawe.